Tatuu Kwenye Mkono wa Nesi



Leo tuanzie Bethlehem. Siyo ile ya Palestina. Hii ni Bethlehem ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, mji uliovuma zamani kwa kiwanda chake cha chuma. Katika idara ya dharura ya hospitali moja ya huko, madaktari walikubali kufanya jambo ambalo ukiwachungulia dirishani ungedhani wanacheza. Zamu hii daktari anaingia kazini kama alivyo siku zote. Zamu nyingine kabandika tatuu ya bandia. Zamu nyingine kajitia hereni au kipini ambacho watu hawajazoea kumwona daktari nacho. Zamu nyingine kavaa vyote kwa pamoja. Daktari ni yuleyule, elimu ni ileile, na maswali anayomuuliza mgonjwa ni yaleyale.

Wagonjwa hawakuambiwa kinachotafutwa. Walitibiwa, kisha wakaulizwa: daktari aliyekuhudumia unamwonaje? Anaijua kazi yake? Anajali? Anafikika? Unamwamini? Madodoso 924 yalijazwa, na mwaka 2018 matokeo yakachapishwa katika jarida la kitaalamu la tiba ya dharura. Tatuu haikumpunguzia daktari hata sifa moja. Zaidi ya robo tatu ya majibu yalimpa alama ya juu kabisa, awe na mchoro, awe hana.

Sasa chukua utafiti mwingine wa hukohuko Marekani, uliotoka mwaka 2012. Huu uliwahoji wagonjwa 150 waliolazwa wodini, ila hawakuletewa mhudumu mwenyewe. Waliletewa picha. Watu waliovaa sare za hospitali, wengine wana tatuu zinazoonekana, wengine hawana. Hapo tatuu haikumwongezea mtu chochote: mwenye nayo hakuonekana mwenye kujali zaidi, wala makini zaidi, wala wa kutegemewa zaidi. Na likajitokeza jambo ambalo nitalirudia baadaye kwa sababu linaniudhi: mwanamke mwenye tatuu alionekana amepungukiwa weledi kuliko mwanamume mwenye tatuu ya namna hiyohiyo.

Kwa nini picha ilete neno na mtu mwenyewe asilete? Mtu ukimwonyesha picha hana cha kupima ila huo mchoro, basi anajibu kwa niaba ya jamii nzima: mama yake angesema nini, mchungaji wake au shehe wake angesema nini, baba mkwe wake angekunja uso kiasi gani. Lakini ukimuuliza juu ya daktari aliyemshona kidonda nusu saa iliyopita, anajibu kwa niaba ya kidonda chake. Anakumbuka kama alichomwa ganzi kwanza, kama alielezwa, kama alisemeshwa kama mtu. Hilo ndilo ninalotaka tulishike leo. Wakuu wa hospitali wanaposema "wagonjwa hawapendi tatuu", mara nyingi wanazungumzia mgonjwa wa kwenye picha.

Ila nisiwauzieni mbuzi kwenye gunia. Utafiti wa Bethlehem una mipaka yake. Aliyefikishwa dharura kifua kinambana hachagui daktari, na aliyetoka salama huwa na shukrani, hatoi alama ndogo. Tena Marekani ya leo tatuu imekuwa jambo la kawaida mno. Kituo cha utafiti cha Pew kilikuta mwaka 2023 kwamba asilimia 32 ya watu wazima nchini humo wanayo walau moja, na wanawake wanawapita wanaume: asilimia 38 kwa 27. Kwa hiyo mgonjwa aliyelala kitandani anaweza kuwa na michoro mingi kuliko daktari anayemhudumia. Sithubutu kuyabeba matokeo hayo mazimamazima nikayatue Bukoba au Lindi.

Na wala nisidai kwamba mgonjwa hajali mwonekano. Anajali sana. Mwaka uleule wa utafiti wa Bethlehem, 2018, ulitoka utafiti mwingine uliowafikia wagonjwa 4,062 katika hospitali kumi za vyuo vikuu za Marekani, na zaidi ya nusu yao walisema mavazi ya daktari ni jambo muhimu kwao. Waliyempenda zaidi ni daktari nadhifu aliyevaa koti jeupe. Hapa kwetu Tanzania, ambako watu wengi wamelelewa na hospitali za misheni, kina Ndanda, Peramiho, Bugando na KCMC, picha ya nesi iliyojengeka kichwani ni ya mtu mweupe pe kuanzia kofia hadi viatu, nusu mtawa. Ukimtoa kwenye picha hiyo hata kidogo, kuna watakaoguna.

Basi tuje kwa huyo anayeguna. Mchukue bibi wa miaka sabini na zaidi kutoka vijiji vya Newala au Masasi. Kaletwa hospitali ya wilaya na mjukuu wake, presha imepanda. Anakuja nesi kijana kumtafuta mshipa. Anafunga mpira juu ya kiwiko, anapapasa, anapangusa kwa spiriti, na wakati anainama, mkono wa gauni lake unapanda juu: kipepeo wa rangi ya samawati, na chini yake jina la mtu limeandikwa kwa mwandiko wa kulalia. Bibi anauvuta mkono wake. Hasemi kitu. Anamtazama mjukuu.

Rahisi kusema bibi ni mshamba. Lakini hebu mtazame bibi mwenyewe. Inawezekana kabisa ana nembo usoni, maana Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma walichanja nyuso na miili na kutia mkaa hadi mistari ikakaa maisha. Inawezekana ana chale kwenye paji la uso alizochanjwa utotoni kichwa kilipomsumbua, na nyingine kifuani, na nyingine mgongoni baada ya kujifungua. Mganga alichanja kwa wembe mahali panapouma, akasugua dawa ikaingia. Huyu si mtu ambaye ngozi yenye alama inamshangaza. Kwake alama ilikuwa na kazi: ama ilisema huyu ni mtoto wa watu gani, ama ilitibu. Na katika tiba hiyo aliyechorwa alikuwa mgonjwa; mwilini mwa mganga mwenyewe hakuna aliyetafuta mchoro. Kipepeo wa yule nesi hamwelezi ukoo wala maradhi. Ni alama asiyoweza kuisoma, na imekuja mkononi mwa mtu aliyeshika sindano.

Kuna jambo zito zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata, kila chombo kilichokuwa na sauti kilifundisha somo moja: mabango ya zahanati, walimu, viongozi wa dini, na sisi wa redio hatukubaki nyuma. Usichangie wembe. Usichangie sindano. Chale, tohara ya jandoni, kutoga masikio, vyote vikatajwa kama milango ya virusi. Wazazi wakaanza kwenda hospitali na bomba lao la sindano mkononi, wamelinunua dukani, likiwa bado kwenye karatasi yake. Somo liliingia, na lilistahili kuingia.

Sasa leo hospitali ileile iliyomfundisha bibi kuiogopa sindano asiyojua ilikotoka inamletea binti ambaye mkono wake unatangaza kwamba sindano asiyojua ilikotoka imepita hapo mara elfu. Bibi akiuvuta mkono, anarudia kile tulichomfundisha wenyewe. Mimi sijaona vikao vya wakuu wa hospitali vikilizungumza hili. Vinazungumza nidhamu, maadili, utandawazi, vijana wa siku hizi. Hofu ya bibi ni ya kitabibu kabisa, na inahitaji jibu la kitabibu.

Jibu lenyewe ni hili. Tatuu iliyopona haiambukizi mtu. Mashine ya kuchorea hupeleka wino chini ya tabaka la juu la ngozi, na huko wino humezwa na seli za kinga ya mwili. Watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2018, kwa kutumia panya, kwamba seli hizo zikifa huuachia wino ule, na seli nyingine zinazokuja hapohapo huumeza upya. Ndiyo maana mchoro haufutiki. Juu yake ngozi imefunga kama ngozi nyingine yoyote, inanawika kwa sabuni, inapanguswa kwa spiriti. Tatuu mbichi, ya juzijuzi, hiyo ni habari nyingine. Hiyo ni kidonda, na mhudumu mwenye kidonda anapaswa kukifunika au kukaa kando mpaka kipone, kiwe cha tatuu au cha kisu cha kukatia vitunguu. Hatari ya homa ya ini au virusi vya Ukimwi inamhusu aliyechorwa kwa vifaa vichafu, ndiyo maana benki za damu humwambia aliyechora karibuni asubiri kwanza kabla ya kuchangia. Anayechomwa dripu na nesi huyo, kwa sindano mpya iliyofunguliwa mbele yake, hapati kitu kutoka kwenye kipepeo.

Ukitaka kujua kwamba shida haiko kwenye rangi, nenda Pwani. Nesi wa Mombasa, Tanga au Unguja anarudi kazini kutoka likizo ya harusi, hina imepanda kutoka kwenye vidole hadi karibu na viwiko, maua yamepindana na piko nyeusi. Ngozi iliyofunikwa ni kubwa kuliko ya tatuu yoyote wodini. Wagonjwa wanafanyaje? Wanaushika mkono wauone vizuri. Hongera mwanangu, umeolewa wapi? Kina mama wa leba wanasahau uchungu dakika mbili wanajadili maua. Alama ile wanaisoma, na habari inayosomeka ni ya heri. Hakuna aliyewahi kuitisha kikao kuhusu hina, ingawa ukitazama kwa jicho la afya, piko iliyochanganywa na dawa ya kutia nywele weusi ni kitu cha kuogopwa kuliko tatuu kuukuu. Imewachoma watu ngozi ikatoka malengelenge.

Na ukizungumzia vijidudu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unawataka wanaowahudumia wagonjwa moja kwa moja wasivae kucha za bandia, na kucha za asili wazikate ziwe fupi. Chini ya kucha ndefu ndiko vijidudu vinakojificha, hata ukinawa. Sasa pita wodini uhesabu mwenyewe kucha, kisha uhesabu tatuu, uone ni kipi kinasemwa kwenye mkutano wa asubuhi.

Kuna nesi ninayemfahamu, hospitali yake sitaitaja, ana mchoro mdogo wa nota za muziki kwenye kifundo cha mkono, kumbukumbu ya kwaya aliyoimba akiwa chuoni. Mkuu wake wa wodi alimwambia aufunike. Akaanza na saa pana. Akaambiwa saa hairuhusiwi wakati wa kuhudumia vidonda, na hapo mkuu alikuwa sahihi. Akahamia plasta. Kila siku anabandika plasta mpya asubuhi, na kufika saa nne imeshalowa kwa kunawa, kingo zimebanduka, zimeshika uchafu. Na wagonjwa, ambao walikuwa hawajauona ule mchoro, sasa wote wanauliza: sista, umeumia? Umejichoma sindano? Mzee mmoja alikataa kabisa kufungwa bandeji na mtu "mwenye kidonda". Mwishowe akavaa sweta chini ya sare, mikono mirefu, kwenye joto la Dar es Salaam, na ncha za mikono ya sweta ndizo zinazozama kwenye beseni.

Waingereza walikutana na kitendawili hikihiki, wakakitegua upande mwingine. Kuanzia Januari 2008, hospitali za umma za England ziliwataka wanaowagusa wagonjwa wawe wazi kuanzia viwikoni kushuka: hakuna mikono mirefu, hakuna saa, hakuna bangili, hata lile koti jeupe la daktari likaondoka. Sababu ni usafi, ili mtu anawe hadi kwenye vifundo. Lakini ukishawaambia watu wapandishe mikono ya nguo, umefunua kila kilichochorwa kati ya kiganja na kiwiko. Usafi na kuficha tatuu havikai kwenye mkono mmoja. Wauguzi wa Kenya walioanza kwenda huko kwa makubaliano ya serikali mbili ya mwaka 2021 wanafanya kazi bega kwa bega na wenzao wenye maua na majina ya watoto hadi kwenye viwiko, na wazee wa Kiingereza wanaohudumiwa nao wengi wao walilelewa enzi ambazo tatuu ilikuwa ya baharia na mfungwa. Marekani nako, Mayo Clinic, hospitali yenye jina duniani, iliwataka kwa miaka mingi wahudumu wafunike tatuu kwa nguo au bandeji. Mwaka 2018 ikalegeza, mradi mchoro usiwe wa matusi au chuki.

Hapa nichepuke kidogo. Huko Korea Kusini, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1992 kwamba kuchora tatuu ni tendo la kitabibu, kwa hiyo aliyeruhusiwa kisheria kulifanya ni daktari. Wachoraji wa kawaida wakafanya kazi kwa kujificha miongo mitatu. Japani nako serikali ilishika msimamo wa namna hiyo, mpaka Mahakama ya Juu ya huko ilipousitisha mwaka 2020, katika kesi ya mchoraji wa Osaka. Yaani katika nchi ambayo tatuu inamkumbusha mtu magenge ya yakuza hadi anazuiwa kuingia kwenye mabwawa ya kuoga, serikali ilitaka anayechora awe na leseni ya udaktari! Na hata hospitali zetu zenyewe si wageni wa wino. Katika tiba ya mionzi, hospitali nyingi duniani humwekea mgonjwa wa saratani vinukta vidogo vya tatuu ili mashine ilenge palepale kila siku. Wanawake waliotolewa titi na kujengewa jingine huchorwa chuchu kwa wino. Turudi kwenye mada.

Nilisema nitarudi kwa wanawake. Ule utafiti wa picha wa mwaka 2012 uliwakuta Wamarekani wakimsamehe mwanamume tatuu ileile wanayomhukumia mwanamke. Hapa kwetu hukumu hiyo haihitaji utafiti, inasikika kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Daktari wa kiume akiwa na mchoro mkononi, watu husema labda alikuwa mtundu shuleni. Nesi wa kike akiwa nao, linaulizwa swali la mwenendo wake usiku. Na kwa kuwa wauguzi wetu walio wengi ni wanawake, na gauni la nesi lina mikono mifupi wakati daktari ana koti refu, amri ya "funika tatuu" inaandikwa kwa wote lakini inawashukia wao. Sijui mkuu gani wa hospitali amewahi kumtaka daktari bingwa avae plasta.

Dini nazo zina neno, na wengi wanalijua: Mambo ya Walawi sura ya 19 kwa Wakristo, na kwa Waislamu hadithi za Mtume zinazokataza. Sina nia ya kubishana na mimbari. Nitakumbusha tu kwamba Wakristo wa Kikopti wa Misri huchora msalaba kwenye kifundo cha mkono kama alama ya imani, na mama wengi wa Kiorthodoksi wa Ethiopia wana msalaba kwenye paji la uso. Mtu anaweza kuwa na tatuu kwa sababu ya dini yake. Na serikali nayo imechangia kujenga mtazamo: matangazo ya ajira ya polisi, zimamoto na uhamiaji hapa Tanzania huweka sharti kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini. Kijana anayelisoma tangazo hilo, na mzazi anayelisikia, wanajifunza kwamba sare na tatuu haviendi pamoja, na sare ya nesi nayo ni sare.

Je, basi kila kitu kiruhusiwe? Hapana. Mchoro wenyewe unasema. Jina la mtoto, ua, aya, hivyo havimtishi mtu kwa muda mrefu. Fuvu la kichwa juu ya mkono unaompokea mtoto mchanga ni jambo jingine. Bastola, mwanamke aliye uchi, matusi, alama ya kuchukia kabila au rangi ya watu, vitu hivyo vifunikwe, na aliye navyo usoni atafute idara ambako hakutani na wagonjwa. Hilo ni suala la heshima ya mgonjwa, ambaye hakuja kusoma ukuta. Na mahali nako kuna uzito: mkono watu huuzoea upesi, shingo na uso huchukua muda.

Mhudumu naye ana wajibu wake kwa yule bibi wa Newala. Bibi akiuvuta mkono, usiuvute wako kwa hasira. Nesi mmoja wa makamo alinieleza anavyofanya, na tangu hapo sijasikia mbinu iliyo bora. Kwanza anamwamkia vizuri, shikamoo bibi, anapiga goti kidogo kando ya kitanda. Akiona macho yameganda kwenye mchoro, analisema mwenyewe: bibi, hii nilichora zamani nikiwa msichana, imeshapona, wala haichubuki. Halafu ananawa mbele ya mgonjwa, anavaa glovu mbele ya mgonjwa, na sindano anaifungua mgonjwa akitazama, anamwonyesha karatasi kabla ya kuichana. Hayo yote angepaswa kuyafanya hata asingekuwa na tatuu. Anasema wengine humwuliza iliuma kiasi gani. Bibi mmoja alimfunulia chale zake mgongoni, wakaanza kulinganisha.

Na bibi akikataa bado? Abadilishiwe mhudumu kama yupo mwingine kwenye zamu. Mgonjwa asiyemwamini anayemtibu huondoka na vidonge akavitupa njiani, na presha yake haitajua kama kosa lilikuwa la mila au la utandawazi. Kinachonisumbua ni pale mgonjwa hajasema kitu, hajalalamika, hata hajauona mchoro, lakini mkubwa mmoja ofisini kaamua kumsemea.

Namalizia na wanaoingia kazini sasa. Vyuo vya afya vinatoa kila mwaka vijana waliochora tatuu wakiwa kidato cha tano au wakiwa na miaka kumi na tisa, kwenye vibanda vya Kariakoo na mitaa ya kati ya Nairobi. Wakifika kwenye usaili wanaambiwa: nenda kaifute kwanza ndipo uje. Anayesema hivyo pengine anadhani inafutwa kama wino wa kalamu. Tatuu huondolewa kwa miale ya leza, tena kwa awamu nyingi, kila awamu ikisubiri wiki kadhaa ngozi itulie. Na ngozi nyeusi hupata shida zaidi, kwa sababu rangi ya ngozi yenyewe huivuta ile miale: mtu anaweza kubaki na mabaka meupe mahali palipokuwa na mchoro, na kwa wenye ngozi inayotoa makovu ya kuvimba, akabaki na kovu linaloonekana kuliko tatuu ilivyoonekana. Bei yake haifanani na mfuko wa mtu ambaye ndiyo kwanza anatafuta mshahara wa kwanza.

Binti huyo amesoma stashahada ya uuguzi miaka mitatu. Amefanya mazoezi wodini, amezalisha kina mama, amekesha na wagonjwa mahututi, na mikono yake ilikuwa wazi siku zote hizo. Kama hospitali haitaki tatuu, iandike kwenye tangazo lake la kazi, itaje ni michoro ya aina gani na ni sehemu zipi za mwili, ili binti ajue kabla hajakata tiketi ya basi kwenda kwenye usaili.